Barua ya wazi kwa Mahakama ya Tanzania: mfumo tunao, masijala iko wapi?

Kwa: Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania, Mtendaji Mkuu wa Mahakama, Msajili Mkuu wa Mahakama.
Nakala: Mkurugenzi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Mamlaka ya Serikali Mtandao.

YAH: UTUNZAJI WA MAJALADA YA MAHAKAMA YALIYOMO KWENYE MIFUMO YA KIDIJITALI

Waheshimiwa,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Nimestaafu utumishi wa umma nikiwa mtunza kumbukumbu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia masijala, ikiwamo masijala ya mahakama, kile chumba ambacho viongozi wanaokuja kukagua huonyeshwa mwisho, tena kama muda umebaki. Naandika kwa sababu chumba hicho sasa kinahamia ndani ya kompyuta, na ninavyoona, wanaohama ni majalada peke yake. Kanuni za chumba zinaachwa nyuma.

Sijaja kulaumu teknolojia. Mtu wa Kirando mwenye simu na intaneti halazimiki tena kulala Sumbawanga ili asajili shauri Mahakama Kuu. Wakili wa Songea anasoma uamuzi wa Mahakama ya Rufani kwenye TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria, bila kulipa hata senti. Mahabusu anahudhuria kutajwa kwa kesi yake kwa video badala ya kupandishwa karandinga kwa dakika tatu za kuambiwa tarehe nyingine. Haya ni mambo makubwa na waliyoyafanya wanastahili pongezi.

Tena tuseme ukweli, masijala ya karatasi ilikuwa na dhambi zake. “Jalada halionekani” ilikuwa sentensi yenye bei. Mdaawa akirudi na kitu cha chai, jalada linaonekana juu ya kabati lile lile lililotafutwa jana. Na jalada likipotea kweli, mambo yanakuwa mazito. Rufani ya mfungwa inasimama. Msajili anaanza kuokoteza vipande: hati ya mashtaka kutoka kwa waendesha mashtaka, nakala ya hukumu kutoka gerezani, mwenendo kutoka kwa wakili kama mshtakiwa alikuwa na wakili. Mahakama ya Rufani imekutana na mashauri ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na swali huwa gumu kila mara: mtu aachiwe kwa kuwa Serikali imepoteza karatasi, au aendelee kukaa ndani kwa kosa la masijala? Mfumo ukiiua biashara hiyo ya jalada lisiloonekana, mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia.

Lakini kuendesha shauri ni kazi moja, na kutunza kumbukumbu ya shauri ni kazi nyingine. Ya kwanza inaisha hukumu ikishasomwa na kukaziwa. Ya pili siku hiyo ndiyo kwanza inaanza, na inaweza kuendelea miaka 50. Fikirini mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo mwaka 1984. Msimamizi ameshafariki, kiwanja kimeuzwa mara mbili, na leo wajukuu wanahitaji kujua nani aliteuliwa na aligawa nini. Jibu liko kwenye jalada moja la karatasi, lenye mwandiko wa hakimu na majina ya washauri wawili. Kama limetunzwa, ugomvi unaisha wiki hiyo. Kama halikutunzwa, ukoo unaingia kwenye kesi ya ardhi ya miaka kumi.

Sasa nauliza kuhusu mirathi iliyofunguliwa mwaka 2024 kwenye e-CMS, mfumo wa kielektroniki wa Mahakama wa kusajili na kuendesha mashauri. Mjukuu atakayeitafuta mwaka 2064 ataikuta wapi, katika hali gani, na nani atamthibitishia kuwa alichokiona ndicho hakimu alichokiona?

Naomba nieleze kwanza masijala ilikuwa inafanya nini, kwa kuwa wengi wanadhani kazi yetu ilikuwa kupanga mafaili kwenye rafu. Kila waraka ulioingia kwenye jalada ulipewa folio, namba ya mfuatano iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kona ya juu. Folio 13, folio 14, folio 15. Jalada likitoka, kadi yake ilionyesha limekwenda kwa nani na lini. Faida kubwa ya folio si kuonyesha kilichomo. Ni kuonyesha kisichokuwamo. Mtu akinyofoa folio 14, jalada lenyewe linapiga kelele, maana baada ya 13 inafuata 15 na hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ataliona pengo.

Kwenye folda ya kompyuta hakuna kelele hiyo. Waraka ukiondolewa, au usipopakiwa, au ukifichwa na hitilafu ya programu, zilizobaki zinasogeleana na kukaa vizuri kana kwamba hakuna iliyoondoka. Hili si jambo la kufikirika. Agosti 2025 BBC iliripoti kwamba programu inayotumiwa na mahakama na mabaraza ya Uingereza ilikuwa na kasoro iliyofanya baadhi ya nyaraka na ushahidi kutoweka au kutoonekana kwenye majalada. Mamlaka ya huko ilijibu kuwa haikupata ushahidi kwamba kuna uamuzi wowote ulioathirika. Mimi jibu hilo lilinichekesha kidogo, kicheko cha mtu wa masijala. Kama waraka uliokosekana haukuacha pengo, huo ushahidi wa kuathirika ungepatikana vipi?

Suala la pili ni vielelezo, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo rufani nyingi hufia.

Amri ya XIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inataka kila hati iliyopokewa kuwa ushahidi iandikwe juu yake namba na jina la shauri, jina la aliyeitoa, tarehe iliyotolewa, na maelezo kwamba imepokewa, kisha jaji au hakimu asaini. Hakimu mzuri alikuwa anageuza hati ile, anapiga muhuri, anaandika “Kielelezo P1”, anasaini. Hakimu mwenye haraka anasahau, na miaka saba baadaye Mahakama ya Rufani inakiondoa kielelezo hicho kwenye kumbukumbu. Kesi iliyosimama juu ya mkataba mmoja wa mauziano inaanguka na mkataba huo.

Kwenye mfumo, mkataba ule ule unaweza kuingia mara ya kwanza kama kiambatisho cha hati ya madai, ukapakiwa tena kama kiambatisho cha kiapo, kisha siku ya ushahidi shahidi akatoa mahakamani nakala halisi ya karatasi, na karani akaiskani baada ya kupokewa. Nyaraka tatu, zote zinafanana, na mojawapo tu ndiyo ushahidi. Kiambatisho si kielelezo, hilo kila mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza analijua. Ila ziwekeni kwenye skrini zikiwa na majina ya “scan_0021” na “mkataba mpya” na “mkataba mpya final”, muone kama jaji wa rufani, ambaye hakuwapo chumbani, ataweza kuzitenganisha. Kama saini ya hakimu ya kupokea kielelezo inawekwa ndani ya mfumo, tuambiwe inawekwaje na inabaki imeshikamana na waraka gani. Kama bado inawekwa kwenye karatasi, basi karatasi hiyo ndiyo kielelezo, na skani ni picha yake tu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ugonjwa ninaouogopa kuliko yote: jalada nusunusu. Nimewahi kulishika jalada la namna hiyo, sitaji la mahakama gani. Hati ya madai na utetezi wa maandishi zilikuwa kwenye mfumo. Mwenendo wa siku za mwanzo uliandikwa kwa mkono, uko kwenye karatasi. Baada ya hakimu kuhamishwa, aliyempokea alichapa wa kwake moja kwa moja. Kielelezo kimoja kilikuwa kwenye bahasha, kingine kwenye skani pekee, na cha tatu kila upande uliamini kiko upande wa pili. Hakuna aliyeiba wala aliyekula rushwa. Kila mtumishi alifanya sehemu yake sawasawa. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye wajibu wa kusema: jalada kamili ni hili.

Karatasi tupu tuliimudu, na mfumo mtupu pia tutaumudu. Mseto usio na kanuni hautamudiwa na mtu. Na tutaishi nao muda mrefu, hasa Mahakama za Mwanzo, ambako ndiko wananchi wengi wanakutana na Mahakama na ambako umeme na mtandao bado havijawa vya kutegemewa kila siku. Kwa hiyo msione aibu kutamka kwamba, kwa shauri la aina fulani, jalada halali ni la karatasi mpaka tarehe fulani. Aibu ni kukaa kimya kila mtu akijitafsiria.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo masijala ya zamani haikuwa nayo, na sina hakika kama wenzangu waliobaki kazini wanaitambua kuwa ni kumbukumbu. Nazungumzia daftari la ndani la mfumo: nani aliingia, saa ngapi, akafungua nini, akapakia nini, akabadilisha nini. Watu wa TEHAMA hulichukulia kama kifaa chao cha kutafutia hitilafu, na likijaa hufutwa ili kupunguza mzigo wa seva. Kwa Mahakama, daftari hilo linaweza kuwa ndiyo haki yenyewe.

Chukueni suala la muda. Kanuni za usajili wa kielektroniki za mwaka 2018, Tangazo la Serikali Na. 148, zinasema waraka uliowasilishwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku unahesabika kuwasilishwa siku hiyo. Upande mwingine, mahakama zetu kwa miaka mingi zimeshikilia kuwa waraka umewasilishwa siku ada ilipolipwa. Sasa wakili anapakia rufani saa tano na nusu usiku, siku ya mwisho. Afisa wa masijala anaipitia asubuhi. Kontroo namba ya kulipia ada inatoka mchana. Mteja analipa kwa simu jioni. Hapo pana nyakati nne, na mawakili wameshabishana vya kutosha mbele ya majaji kuhusu ipi ihesabiwe. Mimi si mwanasheria, sitaingia kwenye ubishi huo. Ninachojua ni kwamba jaji yeyote atakayeuamua atahitaji nyakati hizo zote nne ziwe zimetunzwa mahali ambapo hakuna upande unaoweza kuzigusa, na moja kati yake haiko hata ndani ya mfumo wa Mahakama. Iko kwenye mfumo wa malipo ya Serikali. Nani anaitunza hiyo kwa niaba ya jalada? Kwa miaka mingapi?

Ongezeni siku ambazo mtandao wenyewe haupo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kanuni zinampa mdaawa aliyekwamishwa na hitilafu nafasi ya kumweleza Msajili, na hilo ni jema. Lakini tatizo la leo ni rahisi kulithibitisha leo. Baada ya miaka mitatu, pingamizi la muda linapoibuka kwenye rufani, atathibitishaje kwamba siku ile mfumo haukuwa hewani, kama Mahakama yenyewe haina rekodi rasmi ya siku mfumo wake ulipolala?

Waheshimiwa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaielekeza mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyosafirishwa, na namna ukamilifu wake ulivyolindwa. Kila siku mdaawa anasimama mbele ya hakimu kueleza ule ujumbe wa WhatsApp aliupata vipi, simu ilikaa kwa nani, nani aliuchapa. Anahojiwa hasa, na ni sawa ahojiwe. Nami naomba Mahakama ijihoji hivyo hivyo. Jalada la kielektroniki la Mahakama likipelekwa mbele ya hakimu huyo huyo kama ushahidi, likaulizwa limehifadhiwaje na ukamilifu wake umelindwa na nani, nani atapanda kizimbani kujibu? Mtaalamu wa seva? Karani aliyeskani? Kampuni iliyotengeneza programu?

Sauti nazo zimeingia. Mahakama imeanza kutumia teknolojia ya kunukuu mwenendo kutoka kwenye sauti na kuutafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, naelewa kwa nini inahitajika, na majaji waliochosha vidole kwa kuandika kila neno la shahidi wanaielewa zaidi. Ombi langu hapa ni fupi. Maandishi yanayotoka kwenye mashine ni tafsiri ya sauti. Sauti ndiyo chanzo. Shahidi wa Tarime na shahidi wa Mtwara hawasemi Kiswahili kimoja, na “sikumwona vizuri” ikipoteza silabi moja kesi inageuka. Sauti isifutwe mpaka ngazi zote za rufani ziishe, na mdaawa awe na haki ya kuomba kuisikiliza sehemu inayobishaniwa.

Sasa kuhama. Kanuni za 2018 zilipotoka, tulikuwa tunasema JSDS, mfumo uliotangulia. Leo tunasema e-CMS. Kuna jalada la ardhi ambalo, bila kuzeeka sana, limeshaishi kwenye karatasi, kwenye JSDS na kwenye e-CMS. Ndani ya miaka kumi ijayo utakuja mfumo mwingine wenye jina jingine, kwa sababu programu huchakaa, mikataba huisha, na wafadhili hubadilisha vipaumbele. Hilo ni la kawaida. Swali la mtunza kumbukumbu ni dogo tu: siku ya kuhama, nani alihesabu? Majalada mangapi yalitoka, mangapi yakafika, na yale ambayo hayakufika yaliandikwa wapi? Tulipohamisha masijala kutoka jengo moja kwenda jingine, tulihesabu majalada mlangoni kwa kutokea na tukahesabu tena mlangoni kwa kuingilia, na orodha mbili zikasainiwa. Kuhama kwa data kunastahili heshima hiyo, na hati yake iwekwe wazi.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Karatasi zilizoandikwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zinasomeka leo na yeyote anayejua mwandiko ule. Hazikuhitaji leseni, wala nywila ya mtu aliyekwisha acha kazi. Disketi ya mwaka 1995 mpelekeeni nani aisome? Mahakama Kuu ilitimiza miaka 100 mwaka 2021. Taasisi ya umri huo haiwezi kuweka kumbukumbu zake kwenye muundo ambao kampuni moja tu duniani inajua kuufungua. Nyaraka za kudumu zihifadhiwe kwenye miundo iliyo wazi, kama PDF/A, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, na mikataba yote ya programu iwe na sharti kwamba data na maelezo yake yote ni mali ya Mahakama na yatakabidhiwa kamili siku mkataba unapokufa.

Kutunza si kutunza kila kitu. Hili nalo huwashangaza watu: mtunza kumbukumbu mzuri anateketeza, kwa utaratibu, kwa idhini, kwa orodha. Kompyuta zimetuletea uvivu wa kudhani nafasi haiishi, kwa hiyo kila kitu kinabaki. Lakini mtoto aliyepita mbele ya mahakama akiwa na miaka 15 hapaswi kukutana na jina lake kwenye utafutaji wa mtandaoni akiwa na miaka 40, akiomba kazi. Mwathirika wa ubakaji hapaswi kusomwa na jirani. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zinahitaji kutafsiriwa kuwa maelekezo ya kila siku kwa afisa anayebonyeza kitufe cha kuchapisha hukumu. Wenzetu wa Kenya wana sheria mahsusi ya uteketezaji wa kumbukumbu za mahakama, Sura ya 14, ya tangu enzi za karatasi, inayomhusisha Jaji Mkuu na mkuu wa nyaraka za taifa. Sisi tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Kinachohitajika ni jedwali: shauri la aina gani linatunzwa miaka mingapi, lipi ni la kudumu, na hesabu hiyo ihusu pia sauti, daftari la mfumo na barua pepe za masijala. Jedwali hilo liwe hadharani, ili mwananchi ajue.

Na watu je? Wakati wa kujenga mifumo, mezani huitwa majaji, mawakili, wataalamu wa TEHAMA na washauri wa kigeni. Mtunza kumbukumbu huitwa baadaye, kwenye mafunzo, kuonyeshwa pa kubonyeza. Mtaalamu wa TEHAMA anajua kulinda seva isiingiliwe, na namheshimu kwa hilo. Hajafundishwa jalada linakufa lini, linafufuliwaje, na kwa nini folio haibadilishwi hata ikikosewa. Vijana wanaosomea utunzaji wa kumbukumbu Chuo cha Utumishi wa Umma Tabora wanafundishwa hayo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinaijua Mahakama kwa ndani. Vyuo hivyo viwili vikikaa pamoja vinaweza kutoa, kwa gharama ndogo kuliko semina za hotelini, kada ya watunza kumbukumbu wa kidijitali wa Mahakama. Lakini wapeni mamlaka. Mtunza kumbukumbu asiye na uwezo wa kumkatalia mtu kufuta waraka ni mpishi wa chai tu.

Kama kuna jambo moja ambalo ningeomba lifanywe kabla ya mengine yote, ni hili. Shauri likimalizika katika ngazi yoyote, mfumo utoe orodha ya yaliyomo: kila waraka, namba yake, tarehe, idadi ya kurasa, kama ni kiambatisho au kielelezo, kama asili yake iko kwenye karatasi na iko kabati gani. Pembeni ya kila waraka iandikwe alama yake ya kidijitali, ule mfuatano wa herufi na tarakimu ambao kompyuta huukokotoa kutoka kwenye faili na ambao hubadilika hata nukta moja ikiguswa. Hakimu au Msajili aisaini. Nakala moja ibaki kwenye jalada na kila mdaawa apewe yake, bure, pamoja na nakala ya hukumu.

Haihitaji mradi mpya wa mabilioni. Ni ukurasa mmoja au miwili. Lakini kuanzia siku hiyo pengo litarudi kuonekana, kwa sababu orodha itakuwa mikononi mwa watu ambao hawana masilahi ya kulificha. Bibi wa Urambo asiyejua e-CMS ni nini ataweka karatasi yake kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa, na miaka 20 baadaye wakili wa mjukuu wake ataisoma na kusema waraka namba 9 hauko kwenye mfumo, uko wapi? Itasaidia hata kwenye rufani. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinampa mrufani wa madai siku 60 tangu atoe taarifa ya kusudio, na siku anazosubiri nakala kutoka mahakama ya chini zinaondolewa kwa cheti cha Msajili pale alipoomba nakala hizo ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Muda mwingi katika kusubiri huko ni kuokoteza na kupanga. Orodha iliyosainiwa siku ya hukumu ingefanya nusu ya kazi hiyo iwe imeshafanyika.

La pili, ambalo ni jaribio tu na halihitaji sheria yoyote: kila mwaka chagueni kwa kura mashauri yaliyosajiliwa miaka ya nyuma kwa njia ya mtandao, kuanzia yale ya mwanzo kabisa ya 2018, kutoka kanda zote na ngazi zote. Yafungueni mbele ya mtu wa Idara ya Kumbukumbu na mtu wa Chama cha Wanasheria Tanganyika. Yapi yamefunguka kamili, yapi yana waraka usiofunguka, yapi hayaonekani. Matokeo yatangazwe Siku ya Sheria, pamoja na zile takwimu za mashauri yaliyosajiliwa na mlundikano uliopungua. Mwaka wa kwanza namba zinaweza zisipendeze. Zisomeni hivyo hivyo.

Nawasilisha.

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Tabora.